Mzevinari na Mabwana Wasiopenda Nyeusi

Mzevinari Tavdumadze alizaliwa na sauti ya kiume, na hakuwahi kuionea haya. Akipokea simu, wasiomjua humwita bwana. Karani mmoja wa mji wa Ozurgeti aliwahi kumwambia, "Naomba kuongea na mkeo," naye akajibu bila kusita, "Mke wangu yuko zizini anakamua, sema na mimi." Alipokuwa shuleni, mwalimu wa muziki alimweka mstari wa nyuma asubiri sauti ipone, kama vile ni mafua. Haikupona. Bibi yake, mchuma chai wa shamba la ushirika, ndiye aliyemwambia kwamba ule si ugonjwa, ile ni bani, akaanza kumfundisha palepale kati ya mistari ya chai, mikono ikiendelea kuchuma.

Bani ni sauti ya chini. Nyimbo zetu za Guria, jimbo letu la Georgia, haziimbwi na mtu mmoja. Zina sauti tatu, kila moja na njia yake, na zinavyopishana mgeni anaweza kudhani watu wamekosana. Ya juu inaruka ruka, ya kati inasema maneno, ya chini inazishikilia hizo mbili zisipotee. Mwimbaji wa bani akiimba peke yake jikoni, hata mama yake mzazi hawezi kutambua ni wimbo gani. Kwa hiyo watu wa bani hupenda watu, maana bila watu hawana wimbo.

Aliolewa Bzholieti, kijiji kilicho juu kidogo ya mto, na huko akamkuta Zhuzhuna, dada wa mumewe. Zhuzhuna alikuwa mkuu wa kundi la waimbaji wanawake la klabu ya kijiji, na mpaka leo ukitaka kumwudhi mwambie kwamba kaka yake ndiye aliyejichagulia mke.

"Kaka alitafuta mke, mimi nilitafuta bani," husema. "Yeye akapata wa kumpikia, mimi nikapata wa kuniimbia. Haya niambie, nani alifaidi?"

Kila Alhamisi jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, wanawake hao walikusanyika klabu kando ya jiko la chuma linalotoa moshi kuliko moto. Waliimba kama bibi zao walivyoimba, bila kurembesha. Mkubwa mmoja wa mambo ya utamaduni aliwahi kuwaletea kinanda ili sauti zao zinyooke, na magauni ya kumetameta ili wapendeze kwenye televisheni. Kinanda wakakifanya meza ya vikombe vya chai. Magauni wakayavaa bandani siku za kuchinja kuku, kwa sababu hayashiki manyoya. Walialikwa mbali, wakaenda, wakapigiwa makofi, wakarudi kupalilia mahindi.

Kisha Badri akafa. Alikuwa mwana wa pekee wa Mzevinari, dereva wa lori, na theluji ilimkuta barabara ya mlimani akipeleka machungwa Tbilisi. Mumewe Mzevinari alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo nyumba ile kubwa ya mbao ilibaki na wanawake watupu: yeye, mkwe wake Irma, na Tekle, binti wa Badri, ambaye alikuwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Irma naye hakukaa sana. Alikwenda Italia kumtunza kikongwe mmoja wa huko, kama wanavyokwenda wanawake wetu wengi, akawa anaonekana kwenye simu kila jioni, amejipaka poda mtoto asijue kwamba ametoka kulia.

Mbele ya jeneza Mzevinari aliapa hataimba tena. Akavaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Hilo halikumshangaza mtu. Huku kwetu mama aliyezika mwana haulizwi atavua lini. Kilichowashangaza watu ni yeye kukosana na wifi yake. Zhuzhuna alivaa nyeusi mwaka mzima, kisha akavua, na Alhamisi iliyofuata akaenda kufungua klabu. Mzevinari alimngoja langoni.

"Damu yako ile, Zhuzhuna. Ulimbeba mgongoni. Leo unakwenda kuimba?"

"Naimba kwa sababu nisipoimba nitapasuka, wifi."

"Basi pasuka."

Toka siku hiyo wakawa hawasemezani. Jibini ilivuka ua kwenda kwa Zhuzhuna kwa mkono wa Tekle, na unga ukarudi kwa mkono huohuo. Bani akapewa Nazibrola, mama wa posta, ambaye alijitahidi, masikini, ila sauti yake nyembamba. Kwenye bani alikuwa kama mtu aliyevaa viatu vya baba yake.

Nyumbani kwa Mzevinari jina la Badri likawa kitu cha kuogopa. Picha yake ilitundikwa juu ya kabati na utepe mweusi kwenye pembe. Tekle akiuliza lolote juu ya baba yake, Bibi alianza kulia, na akianza hakujua kumaliza. Chakula kilipoa, ng'ombe akalia zizini na yeye. Mtoto ana akili. Akaacha kuuliza.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Tekle alipoingia mwaka wa kwanza wa shule, na katika majira ya kuchipua, maua ya urujuani yalipoanza kuchanua chini ya miti, akarudi siku moja macho mekundu, pua inatiririka, mwili wa moto. Nesi Lamzira alikuja na mkoba wake, akamwangalia mdomoni, akamfunua tumbo, akaguna.

"Surua. Ile chanjo ya pili hakupata?"

Mzevinari alijishika kichwa. Ilikuwa ipigwe mwaka ule wa msiba, na mwaka ule nani alikumbuka kitu?

"Haya, yameshapita," Lamzira alisema. "Hii ya homa, hii ya vitamini. Maji mengi. Mwanga usimuumize macho. Akianza kuhema kwa shida, usinisubiri, anakwenda hospitali saa hiyohiyo. Nitamwambia mume wangu asilale mbali na gari."

Habari kijijini hazihitaji miguu. Kabla nesi hajafika langoni, Zhuzhuna alikuwa anapanda ngazi, amevaa gauni jekundu alilofunga nalo ndoa, likimbana kila mahali, na kapu la urujuani mkononi. Nyuma yake Nazibrola alibeba asali. Zhuzhuna hakumsalimu wifi yake. Alisimama mlangoni pa chumba cha mtoto, akainama.

"Karibuni, Mabwana. Karibuni, wageni wetu watamu. Mmetuheshimu."

Huku kwetu surua haiitwi ugonjwa mbele ya mgonjwa. Ni Mabwana. Wamekuja kutoka ng'ambo ya bahari, wamechagua nyumba, na mgeni wa namna hiyo humfokei wala humnunii. Unampa maua, unampa vitamu, unamwimbia mpaka aridhike aende zake. Lamzira mwenyewe, na cheti chake cha unesi ukutani, alikuwa amekizunguka kitanda na kipande cha sukari kabla ya kufungua mkoba.

Zhuzhuna alimvuta Mzevinari barazani na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lango akasema naye.

"Vua."

"Nivue nini?"

"Hiyo nyeusi. Wewe unajua, usijifanye mgeni. Mabwana hawataki nyeusi, hawataki chozi, hawataki ugomvi ndani ya nyumba. Hata mimi na wewe leo tunapendana, utake usitake."

"Nimemwapia mwanangu."

"Na huyo mle ndani ni wa nani?"

Mzevinari alimtazama kwa hasira, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la njano lenye vitone, la zamani zile. Lilimpwaya. Zhuzhuna alifungua mdomo aseme la mzaha, akaufunga; uso wa wifi yake haukuwa wa kutaniwa.

"Nguo nimevua," Mzevinari alisema. "Kuimba siimbi. Hilo usiniombe."

"Sikuombi."

Wakafunika dirisha kwa kitambaa chekundu. Visu vikawekwa mbali. Mawaridi yalikuwa hayajachanua, kwa hiyo Nazibrola alikwenda kuyakata ya karatasi nyumbani kwake, maana mkasi nao Mabwana hawaupendi. Na Zhuzhuna, bila kumwuliza mtu, alipanda kiti akaondoa utepe mweusi kwenye picha ya Badri. Mzevinari aliona, akamwacha. Ndivyo desturi ilivyo.

Siku mbili homa ilipanda tu. Vipele vilishuka kutoka nyuma ya masikio mpaka kifuani, vikaungana, mtoto akawa mwekundu mwili mzima na kikohozi hakimpi nafasi. Lamzira alikuja asubuhi na jioni. Wanawake wa klabu walikaa kando ya kitanda wakiimba wimbo wa Mabwana, ule mpole wa urujuani na mawaridi, Zhuzhuna katikati, jirani mmoja juu, Nazibrola chini. Mzevinari alikuwa anabadilisha vitambaa vya maji kwenye paji la uso wa mjukuu wake, meno ameyabana.

Jioni ya pili jua lilikuwa bado halijazama Tekle alipofumbua macho na kusema kwa sauti iliyokauka, "Bani ya mama Nazibrola inanikwaruza."

Nazibrola wa watu aliona aibu mpaka masikio.

"Nataka ya Bibi," mtoto alisema.

Macho yote yakamgeukia Mzevinari. Ieleweke kwamba mtoto mwenye Mabwana si mtoto. Anachotaka ndicho wanachotaka wao, na hakuna mtu wa Guria, awe profesa au mchunga nguruwe, atakayekinyima kitanda kile kitu kinachowezekana kutolewa.

"Mimi sikusema kitu," Zhuzhuna alinong'ona. "Nimenyamaza kabisa. Hao ni Mabwana."

Mzevinari alisimama na kitambaa kinachochuruzika. Alikuwa ameapa kwa sauti, mbele ya kijiji, mkono juu ya ubao wa jeneza. Alikuwa amejiambia kwamba kile kiapo ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa mwanawe, kwa kuwa wafu hawali na hawavai. Sasa binti wa mwanawe huyohuyo amelala mbele yake, mbavu zinapanda na kushuka, na anaomba kitu kimoja. Alimwogopea. Aliogopa kiasi kwamba hasira zote zilimtoka na kiapo kikamtoka nazo.

"Anza," alimwambia wifi yake.

Zhuzhuna akaanza. Sauti ya juu ikaingia, kisha Mzevinari akafungua mdomo, na bani ikatoka na kutu, ikakatika, ikakohoa, ikarudi. Mara ya tatu ilikaa. Wenzake waliisikia ikikaa chini yao, na Zhuzhuna, ambaye muda wote huo alikuwa anaimba huku anajishikilia mwenyewe, alifumba macho akaachia. Waliimba mpaka mtoto akasinzia, wakaendelea, wakazungukazunguka wimbo uleule bila kuurudia vilevile hata mara moja, kama nyimbo hizo zinavyotaka.

Homa haikushuka jioni ile. Ilishuka kesho yake. Lamzira alisema ni dawa, Zhuzhuna alisema ni Mabwana wamefurahi, wakagawana sifa nusu kwa nusu na kunywa kahawa.

Kisha zikaja siku tamu. Tekle alikaa kitandani ameegemea mito, anabambuka ngozi, na akagundua kwamba ni mfalme. Alitaka jogoo aletwe chumbani. Jogoo akaletwa, akafanya alichofanya juu ya zulia, na hakuna aliyelalamika. Alitaka Shangazi acheze ngoma ya wanaume ya kuruka kwa vidole. Shangazi ndiyo Zhuzhuna. Mtoto alimwita vile baba yake alivyomwita.

"Mwanangu, magoti yangu haya..."

"Si mimi. Ni Mabwana."

Zhuzhuna aliruka. Gauni jekundu likachanika ubavuni, na Mzevinari akacheka. Kicheko chake kilikuwa kizito kama sauti yake, kikitoka tumboni, na Tekle alimtazama bibi yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.  Halafu akajaribu bahati yake.

"Bibi, baba alikuwa mtundu?"

Mzevinari alihisi machozi yakija, ya kawaida yake. Yasingeweza kuja, nyumba ina wageni. Ikabidi ameze. Na akishameza, ikabidi ajibu.

"Mtundu? Baba yako? Alimpaka nguruwe wa jirani rangi ya dirisha. Buluu. Mzima mzima."

"Kwa nini?"

"Eti asimchanganye na wetu. Nikamwambia, mbona wa kwetu ndiye ungempaka? Akasema, wa kwetu namwonea huruma."

Tekle alicheka mpaka akakohoa. Akataka nyingine. Bibi akampa ya Badri mvulana, sauti ndiyo kwanza imekuwa nzito, aliyejificha chini ya meza ya klabu akaimba bani kutoka huko, wanawake wakawa wanatafuta mwanamume gani kaingia. Zhuzhuna akadakia ya trekta lililoishia bwawani. Kila siku mbili, tatu. Mzevinari mwenyewe alishangaa zilikokuwa zimekaa. Tangu msiba alikuwa anakumbuka siku moja tu ya maisha ya mwanawe, ile ya mwisho, na kumbe zile nyingine zilikuwepo zote.

Hatimaye Lamzira akasema mtoto kapona, mwili safi, wiki ijayo shule. Mabwana walipaswa kusindikizwa. Wakapanga iwe kesho yake: tawi la mti litafungwa riboni na vitamu na mawaridi ya karatasi, watalipeleka kwa wimbo mpaka njia panda ya juu, waliache hapo, na wageni waende zao kwa amani. Mzevinari alifua nguo zake nyeusi akazianika nyuma ya nyumba, mbali na macho ya kitanda. Au ndivyo alivyodhani.

Asubuhi aliingia kumvisha Tekle, akafunua shuka, moyo ukamlipuka. Mikono ya mtoto ilikuwa imevimba kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, vipele vyeupe vichwa vyekundu, na mapaja vilevile.

"Zhuzhuna!"

Zhuzhuna alikuja na tawi mkononi, akaona, akakaa juu ya sanduku.

"Wamerudi," Tekle alisema. Hakumwangalia mtu. "Hawataki kwenda."

Mzevinari alimshika paji la uso. Baridi. Akamshika shingoni. Baridi. Akaugeuza mkono wa mtoto na chini ya kucha akaona kijani. Alikwenda dirishani, akasogeza kitambaa chekundu. Chini ya dirisha, pale yanapoota majani ya kuwasha, yale machanga tunayoyachemsha na kuyatwanga na kokwa za jozi tukala, yalikuwa yamekanyagwa na kung'olewa, na nyayo ndogo zisizo na viatu zilikuwa kwenye udongo wenye umande.

Alipandwa na hasira za kweli. Kwa desturi yetu ya kila siku, kofi lingetangulia na maswali yangefuata. Lakini Mabwana walikuwa hawajasindikizwa, na mradi wako ndani, hakuna kufoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaviweka viganja vyake magotini ili visifanye jambo.

"Mabwana wangu," alisema kwa sauti ya asali, ingawa ilimkwama, "tumewakosea nini? Asali yetu haikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Shangazi hakucheza vizuri?"

"Alicheza vizuri."

"Basi mbona hamtaki kwenda?"

Tekle alijikuna, akauma mdomo kwa maumivu.

"Wakienda, wewe utavaa zile za kwenye kamba. Halafu baba atakufa tena."

Zhuzhuna aligeukia ukutani. Alichukua sahani safi iliyokuwa mezani akaanza kuifuta kwa pindo la gauni, akaifuta, akaifuta. Hapo ndipo Mzevinari alipotamani kulia kuliko siku zote, na haikuruhusiwa. Alimchukua mtoto akampakata, mkubwa vile, miguu inaning'inia, akampaka maziwa ya mgando mikononi taratibu mpaka muwasho ukapoa.

"Hili nitakujibu," alisema mwishowe. "Lakini si humu ndani. Wageni wakishaondoka, palepale njia panda, nitakujibu. Utanikubalia?"

"Utavaa nyeusi?"

"Pale nitakujibu."

Tekle alifikiri. "Na nisipokwenda?"

"Mabwana hawasindikizwi bila mwenyeji wao."

Walitoka saa ya chai ya asubuhi, kundi zima, na nguo za rangi zote, Nazibrola kabeba tawi, mtoto kashika mkono wa bibi yake kwa vidole vya maziwa. Waliimba njia yote ya kupanda. Bani ya Mzevinari ilikuwa imeshatoka kutu kabisa, na watu waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao, kofia mkononi. Njia panda waliliegemeza tawi kwenye jiwe, wakainama, wakawaaga wageni kwa majina matamu. Upepo ulichezea riboni. Ndiyo basi, wameondoka.

Zhuzhuna aliingiza mkono kapuni akatoa kitambaa cheusi cha kichwa, kimekunjwa vizuri, bado na unyevu wa kamba. Akamnyooshea wifi yake. Mzevinari alikichukua, akajifunga, akafunga fundo chini ya kidevu. Tekle aliuvuta mkono wake.

"Umesema utanijibu!"

"Najibu." Mzevinari alipiga magoti kwenye vumbi. "Hii nitavaa, sikudanganyi. Mimi ni mama yake, hii ni yangu, nimemvalia yeye. Lakini baba yako alikufa mara moja tu, Tekle. Kule barabarani. Hizo nyingine ni mimi, kila nikilia na kunyamaza. Sikujua kama ulikuwa unahesabu."

Mtoto alimchunguza uso, kitambaa, uso tena.

"Kwa hiyo utasimulia ukiwa na hiyo?"

"Nikiwa na hii."

"Na kuimba?"

Mzevinari alimtazama wifi yake kutoka pale chini. "Alhamisi nitakuja. Ila nakuja na nyeusi yangu, Zhuzhuna, na kijiji kiseme kinachotaka."

"Njoo hata umevaa gunia," Zhuzhuna alisema, pua imemjaa. "Nazibrola keshatuua."

"Mimi nipo hapa nasikia," Nazibrola alisema.

"Ndiyo, mpenzi, ndiyo maana nimesema kwa upole."

Wakaanza kushuka. Tekle aliacha hatua chache zipite, kisha akasema, akiangalia mbele, kwa sauti ya mtu anayegusa maji kwa kidole cha mguu, "Simulia. Ile ambayo bado hujaniambia."

"Siku aliyomleta mama yako," Mzevinari alianza, na machozi yakamtoka hapohapo. Hakukuwa na mgeni wa kuyazuia. Yalishuka mpaka kwenye fundo la kitambaa. Vidole vya mtoto vikakaza, vikasubiri kimya kije. "Alimleta klabu. Tuko kwenye mazoezi. Akasema, huyu ndiye Irma, msikilizeni. Mama yako akaimba. Mungu wangu, Tekle, akaimba... tukatazamana..."

"Vibaya?"

"Jiko lenyewe liliacha kutoa moshi. Na baba yako akasimama pale, mrefu vile, akasema, sauti hana, najua, lakini nimeshampenda, sasa mtafanyaje?"

"Hakusema hivyo," Zhuzhuna alidakia nyuma yao. "Alisema, nimeshampenda, jifunzeni kuziba masikio."

"Nilikuwa karibu naye kuliko wewe!"

"Ulikuwa unacheka, ulisikia nini?"

Tekle alicheka. Wakubwa wawili waliendelea kubishana, na Nazibrola akaleta toleo la tatu, lake mwenyewe, lisilofanana na lolote. Mzevinari alijifuta uso kwa kiganja, haukukauka, akaendelea na harusi, na mvua iliyonyesha harusini, na Badri alivyomvusha bibi harusi mtoni akateleza naye. Alilia njia nzima mpaka langoni. Ila hakunyamaza.